Monita za Jukwaani: Mwanamuziki Asikie Nini

Monita ni spika, au kifaa cha masikioni, kinachompa mwanamuziki aliye jukwaani sauti anayoihitaji ili apige na kuimba sawasawa. Spika kubwa za mbele zinawatazama watu, na anayesimama nyuma yake hupata besi iliyovimba pamoja na sauti iliyogonga ukuta wa mwisho wa ukumbi na kurudi. Sauti hiyo huchelewa. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo ukuta ulio mita 20 kutoka jukwaani huirudisha baada ya milisekunde 117 hivi. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, huko ni kuchelewa kwa karibu robo ya pigo. Mwimbaji anayeifuata atavuta wimbo nyuma, mpiga drams atamfuata au atamwacha, na kosa litaonekana ni la mazoezi ilhali ni la mitambo.

Kwa muda mrefu wanamuziki walifanya kazi bila msaada huo. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga mbele ya watu zaidi ya 55,000 katika uwanja wa Shea, New York, wakiwa na amplifaya zao jukwaani na sauti za uimbaji zikitokea kwenye spika za uwanja. Hapakuwa na monita. Mpiga drams Ringo Starr amewahi kueleza kwamba katika maonyesho ya namna hiyo alitazama miondoko ya miili ya wenzake ili ajue wamefika wapi kwenye wimbo. Mwaka 1974 kundi la Grateful Dead la California lilijaribu njia nyingine kabisa: ukuta mkubwa wa spika uliwekwa nyuma ya wanamuziki, ili wao na watazamaji wasikie sauti ileile. Kwa kuwa spika hizo zilizitazama maiki, kila mwimbaji alipewa maiki mbili zilizounganishwa kinyume. Sauti iliyoziingia zote mbili kwa pamoja ilijifuta, na ile ya mdomo ulioisogelea moja tu ikabaki. Mtambo ulifanya kazi, lakini uzito wake na gharama za kuusafirisha viliufanya uachwe ndani ya mwaka huohuo. Spika ndogo ya kulala sakafuni ndiyo iliyotawala majukwaa, hadi mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa monita wa bendi ya Van Halen, alipomtengenezea Alex Van Halen vifaa vya kuvaa masikioni na hatimaye kuanzisha kampuni ya Ultimate Ears.

Uchaguzi wa leo uko hasa kati ya njia hizo mbili, monita za sakafuni na monita za masikioni, au mchanganyiko wake. Bendi nyingi huanza na bei na chapa. Swali linalotangulia ni jingine: jukwaa lina kelele kiasi gani kabla ya monita yoyote kuwashwa? Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, na linaweza kubadilishwa bila kutumia hata shilingi moja.

Chukua bendi ya dansi ya mtindo wa Dar es Salaam, ule uliojengwa na makundi kama Msondo Ngoma na DDC Mlimani Park Orchestra: magitaa yanayopishana, besi, drams, tumba, kinanda, tarumbeta na saksafoni, na safu ya waimbaji mbele. Drams zikipigwa kwa nguvu katika ukumbi mdogo hufikia desibeli 100 na zaidi pale zilipo. Mpiga solo hupandisha amplifaya yake ili aishinde simbali, mpiga rithimu hupandisha yake ili amsikie mwenziwe asimfunike, na tarumbeta haina kitasa cha kupunguza. Mwaka 1911 daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua. Jukwaani jambo hilo humpata kila mmoja kwa wakati mmoja. Kufikia wimbo wa tatu kila mtu anamwonyesha fundi mitambo kidole cha kuelekea juu, na fundi hana tena pa kwenda, maana monita lazima iishinde kelele hiyo yote sikioni mwa mwimbaji huku maiki iliyo mdomoni mwake ikiisikia monita hiyohiyo.

Hatua ya kwanza, basi, ni kulituliza jukwaa lenyewe. Amplifaya ya gitaa iliyowekwa sakafuni hupiga kwenye magoti ya mwenyewe na kwenye uso wa watu wa mstari wa mbele. Ikiinuliwa juu ya kreti au kulazwa nyuma kidogo ili imtazame usoni, mpigaji huisikia vizuri ikiwa imepunguzwa sana. Amplifaya ya besi ikae karibu na drams, kwa sababu wanaohitajiana zaidi jukwaani ni hao wawili. Wapulizaji wasimame mahali ambapo midomo ya ala zao haiwaelekei waimbaji kisogoni. Mpiga drams anaweza kutumia fimbo nyepesi ukumbi ukiwa mdogo. Mabadiliko haya mara nyingi hutatua nusu ya malalamiko, na bendi ambayo haijayafanya haipaswi bado kwenda dukani.

Baada ya hapo huulizwa kila mmoja anahitaji kusikia nini hasa. Hitaji ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Mwimbaji anahitaji sauti yake mwenyewe, ala moja ya kumshikia tuni (kinanda au gitaa la rithimu) na mapigo kiasi, ambayo kwa kawaida huyapata hewani bila monita. Mpiga drams anahitaji besi na mwimbaji kiongozi, ili ajue ubeti unaisha wapi na sebene linaanza lini. Mpiga besi anahitaji kusikia ngoma ya mguu. Wapulizaji wanahitaji kusikiana. Anayeomba “kila kitu” kwenye monita yake huishia kupata ukungu ambamo hata ala yake mwenyewe haionekani, na fundi mzuri humrudisha kwa upole kwenye swali la ni kitu gani anakikosa.

Taarab ina hali yake. Katika kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, au Culture Musical Club ya mwaka 1958, ala zenyewe zina sauti ndogo: udi, kanuni, fidla, nai, akodiani, pamoja na midundo ya dumbaki. Wapiga fidla hawana alama za vidole kwenye shingo ya ala, hivyo tuni yao hutegemea sikio kabisa. Wakitenganishwa kwenye jukwaa pana, tuni hulegea. Mpangilio wa zamani wa kukaa karibu, katika nusu duara, ulikuwa tayari ni monita, na kwa okestra ya namna hiyo ndio unaopaswa kulindwa kabla ya spika yoyote kuongezwa. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuwatawanya wapigaji ili wapendeze kwa kamera, kisha kujaribu kurudisha kwa mitambo ule ukaribu waliopoteza.

Monita ya sakafuni ndiyo inayojulikana zaidi. Ni spika yenye mgongo uliokatwa mshazari, inayolala mbele ya mwanamuziki na kumtazama usoni, kwa kawaida ikiwa na koni ya inchi 10, 12 au 15 na honi ya sauti za juu. Kwa mwimbaji, inchi 12 zinatosha. Ile ya 15 ina maana kwa mpiga drams au mpiga besi anayetaka kusikia sauti za chini. Maduka huuza kwa wati, na wati ni kipimo dhaifu: kuongeza nguvu maradufu, kutoka wati 500 hadi 1,000, huleta desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si kubwa. Kinachofaa kutazamwa ni kiwango cha juu cha desibeli ambacho spika inaweza kutoa umbali wa mita moja, na zaidi ya hapo, usawa wa sauti yake. Spika inayotoa masafa fulani kwa nguvu kuliko mengine itapiga mluzi kwenye masafa hayohayo kila siku. Monita mbili nzuri huisaidia bendi kuliko nne mbovu.

Mluzi hutokea maiki inapoisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika, ikairudisha, ikatoka tena kubwa zaidi, mpaka masafa fulani yanalipuka. Kinga yake ya kwanza ni mahali pa kuweka monita, na mahali hapo huamuliwa na aina ya maiki. Maiki ya kadioidi, kama Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, husikia vizuri mbele na huwa kiziwi zaidi mgongoni kabisa, kwa hiyo monita ikae moja kwa moja mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia wa maiki. Maiki ya superkadioidi, kama Beta 58A ya kampuni hiyohiyo, hubana zaidi pembeni lakini husikia kidogo nyuma. Sehemu zake za uziwi ziko nyuzi 126 hivi kutoka mbele, kulia na kushoto. Hapo monita husogezwa upande, au huwekwa mbili zikimtazama mwimbaji kutoka pembe mbili. Bendi nyingi hununua maiki ya aina hii ya pili kwa kuamini ni bora, zikaacha monita palepale, kisha zikashangaa mluzi umezidi. Na mwimbaji anayeifunika maiki kwa kiganja, kwa mtindo uliozoeleka kwenye video, huua umbo lote la usikivu wake, kwa sababu matundu yanayoifanya iwe kiziwi nyuma ndiyo anayoyaziba.

Umbali nao una hesabu yake. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6. Monita iliyo mita moja na nusu kutoka kwenye sikio inafanya kazi ndogo sana kuliko ile iliyo mita tatu, na hiyo ya mbali hulazimika kupandishwa mpaka inawasumbua wengine. Idadi ya maiki zilizo wazi huleta hesabu nyingine: kila idadi hiyo inapoongezeka maradufu, nafasi iliyobaki kabla ya mluzi hupungua desibeli 3. Jukwaa lenye maiki nane wazi limepoteza desibeli 9 ukilinganisha na jukwaa lenye moja. Ndiyo maana waimbaji wanne wanaopokezana maiki mbili wanaweza kupata monita yenye nguvu kuliko wanne wenye maiki nne, na ndiyo maana maiki ya mwimbaji aliyekwenda kucheza inafaa kuzimwa.

Kinachobaki hurekebishwa kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti. Mkondo wa monita lazima uchukue sauti kabla haijafika kwenye feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) ya ukumbi. Ukichukuliwa baada yake, kila fundi anapompunguza mwimbaji ukumbini anampunguza pia masikioni mwake, na mwimbaji anaanza kupiga kelele bila sababu anayoijua. Sauti za chini ya Hertz 100 zikatwe kwenye maiki za waimbaji, kwani hapo kuna ngurumo ya sakafu na pumzi tu. Kisha ikwalaiza ya mistari 31 hutumika kutafuta masafa korofi: monita hupandishwa polepole hadi mluzi wa kwanza uanze, masafa yake hupunguzwa kwa desibeli 3 hivi, na zoezi hurudiwa kwa mluzi wa pili na wa tatu. Fundi husimama hapo. Anayeendelea kukata mpaka mistari kumi imeshuka amepata monita isiyopiga mluzi na pia isiyotoa maneno, na mwimbaji ataomba ipandishwe hadi mluzi urudi.

Ala za nyuzi zenye sanduku huleta ugumu zaidi. Udi na kanuni zina uso mwembamba wa mbao unaotikiswa na spika iliyo karibu, na ukitikisika ala huanza kunguruma yenyewe. Maiki iliyosimama mbele ya ala kwa umbali wa nusu mita haifai kabisa kwa monita. Maiki ndogo ya kubana kwenye ala yenyewe, au kihisi kinachobandikwa kwenye mbao, hupata sauti kubwa zaidi kutoka kwenye ala na ndogo zaidi kutoka jukwaani. Fidla hufaidika na maiki ndogo ya kubana kuliko ala yoyote nyingine. Vitu hivi ni vidogo na huonekana ghali kuliko ukubwa wake, lakini kwa kikundi cha taarab ni ununuzi wa maana zaidi kuliko monita mpya.

Nguvu ya monita za sakafuni ni urahisi. Hazihitaji kuvaliwa, hazina betri, na kundi linaloshuka hupisha linalopanda kwa dakika chache. Kwenye tamasha kama Sauti za Busara, ambalo lilianza mwaka 2004, kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe mjini Zanzibar, na huleta makundi mengi kwa usiku mmoja, sifa hiyo ina thamani kubwa. Pia zinamwacha mwanamuziki asikie watu, na mwimbaji wa dansi au wa taarab ambaye hasikii shangwe wala wanaokuja kumtuza ameondolewa sehemu ya kazi yake. Udhaifu wake ni kwamba kelele yake haibaki jukwaani. Katika kanisa la watu 150 lenye kuta ngumu, monita nne zinaweza kumwaga sauti ya matope ukumbini hata kabla spika za mbele hazijafunguliwa, na fundi hulazimika kupandisha za mbele ili azishinde za nyuma.

Monita za masikioni huondoa tatizo hilo kwa kuifungia sauti ndani ya sikio. Kifaa kinachoziba vizuri hukata kelele ya nje kwa desibeli 20 na zaidi, hivyo mwanamuziki anaweza kusikiliza kwa sauti ndogo na bado akasikia kila neno. Mluzi hautokei. Sauti haibadiliki anapotembea. Na kwa msanii anayepiga na bendi pamoja na nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, kama wafanyavyo wasanii wengi wa bongo fleva na wa injili, hakuna njia nyingine ya maana, kwa sababu mpiga drams anahitaji mdundo wa kumwongoza ambao hadhira haipaswi kuusikia.

Lakini vifaa hivi vina masharti, na bendi nyingi huvinunua bila kuyajua. Sharti la kwanza ni kwamba kila kinachohitajika kusikika lazima kiwe na maiki au waya. Ukiziba masikio, tumba isiyo na maiki haipo. Bendi ya watu kumi na wawili iliyokuwa ikitumia maiki sita italazimika kuongeza nyingine, na gharama hiyo mara nyingi husahaulika kwenye bajeti. La pili ni kuziba kwenyewe. Kifaa kilicholegea hupoteza besi, mvaaji huomba sauti ipandishwe, na faida yote huyeyuka. Ncha za sponji huziba kuliko za silikoni kwa masikio mengi, ila jasho la Pwani huzichosha haraka na hufaa kubadilishwa mara kwa mara. Vilivyochongwa kwa umbo la sikio la mtu huziba vizuri zaidi, lakini havigawiki. Hata vya kawaida havipaswi kupokezwa kutoka sikio hadi sikio.

Sharti la tatu huwahusu waimbaji. Sikio likizibwa, sauti ya mtu mwenyewe hupita kwenye mifupa ya kichwa na kuvimba ndani, kama wakati wa kuongea huku vidole vimeziba masikio. Wengine huchukia hali hiyo, wakatoa kifaa kimoja na kubaki na kingine. Tabia hiyo ni mbaya kuliko kutovaa kabisa: sikio lililo wazi hupokea kelele yote ya jukwaa, na lililozibwa hupandishiwa sauti ili lishindane nayo. Dawa yake ni maiki moja au mbili zinazotazama hadhira, zikichanganywa kidogo kwenye masikio, pamoja na mwangwi kiasi kwenye sauti ya mwimbaji. Mwisho, kifaa kinachotumika lazima kiwe na limita, yaani kizuizi cha sauti inayopanda kupita kiasi. Spika ya sakafuni ikipata kishindo kwa waya uliochomolewa, mtu hushtuka. Kishindo hichohicho kikiwa ndani ya sikio lililozibwa kinaweza kudhuru.

Si kila anayevaa anahitaji kifaa kisicho na waya. Mpiga drams, mpiga kinanda na mara nyingi mpiga besi hawaondoki walipo, na kwao kisanduku kidogo cha kiunoni kinachounganishwa kwa waya na mikisa hutoa sauti safi zaidi kwa sehemu ndogo ya bei. Hakina masafa ya kugombania. Spika za masikioni za Bluetooth, zile za kusikilizia muziki kwenye simu, hazifai kwa kazi hii hata kidogo: kwa kawaida huchelewesha sauti milisekunde 100 hadi 200 au zaidi, yaani tatizo lilelile la ukuta wa mwisho wa ukumbi likiwa limehamishiwa sikioni. Mikisa ya kidijitali huchelewesha kwa takriban milisekunde moja, na mwimbaji haoni shida mpaka jumla ya mtambo wote ipite milisekunde chache.

Anayetembea jukwaani ndiye wa kununuliwa kifaa cha redio, na hapo masafa huwa suala la sheria na la ufundi. Nchini Tanzania matumizi yake husimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na nchini Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Uzimaji wa mitambo ya televisheni ya analojia, ulioanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ulikuwa sehemu ya mpango mpana wa kuhamishia simu masafa ya juu ya televisheni. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2015 mjini Geneva ulikamilisha kuyafungulia simu masafa ya MHz 694 hadi 790 kwa eneo linalojumuisha Afrika na Ulaya. Vifaa vilivyotumika vinavyotoka Ulaya au Marekani bado huuzwa kwa bei ya kuvutia vikiwa vimejengwa kwa masafa hayo hasa. Namba za MHz zilizochapishwa mgongoni mwa kifaa zisomwe kabla ya pesa kutoka. Vile vya GHz 2.4 havina tatizo hilo, lakini hushiriki masafa na Wi-Fi, na ukumbi uliokuwa mtulivu wakati wa majaribio saa kumi jioni hauwi mtulivu saa nne usiku ukiwa na simu mia nne.

Vifaa vikizidi kimoja, masafa huanza kuzaana. Viwili vilivyo kwenye MHz 520 na 521 huweza kutoa sauti za bandia kwenye 519 na 522, na cha tatu kikiwekwa hapo kitakwaruza. Mpangilio wa masafa yasiyogongana hutolewa na watengenezaji wenyewe kwa makundi, na kuchagua namba kwa kubahatisha ni kutafuta aibu mbele ya watu.

Mikisa huamua idadi ya wanaoweza kupata mchanganyiko wao wenyewe. Behringer XR18 ina mikondo sita ya monita, na X32, iliyotoka mwaka 2012, ina kumi na sita. Mchanganyiko wa masikio mawili yenye sauti tofauti hula mikondo miwili. Mikisa za aina hii humruhusu kila mwanamuziki kurekebisha sauti yake kwa simu, jambo linalompunguzia fundi kazi nyingi. Inafaa simu hizo zitumie ruta ya bendi yenyewe, kwenye GHz 5, na kila mmoja afungiwe mkondo wake asije akagusa wa jirani au wa ukumbi. Ikiwa mikondo ni michache, watu wenye mahitaji yanayofanana huwekwa pamoja: waimbaji wa kuitikia mkondo mmoja, wapulizaji mwingine.

Usalama wa umeme haupaswi kuachwa nje ya uchaguzi huu. Amplifaya ya gitaa ikichukua umeme sehemu moja na mikisa sehemu nyingine, mpigaji anayeshika nyuzi na kugusa maiki kwa midomo anaweza kupigwa shoti, na watu wamekufa kwa njia hiyo. Jukwaa zima lichukue umeme kutoka chanzo kimoja chenye waya wa ardhi unaofanya kazi, iwe ni gridi au jenereta. Waya wa ardhi usikatwe kamwe kwa ajili ya kuondoa mvumo.

Masikio ndiyo kipimo cha mwisho. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo nusu: saa moja kwa desibeli 94, dakika 15 kwa desibeli 100. Kwa kumbi za burudani, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza wastani usiozidi desibeli 100 katika kila dakika 15. Bendi inayopiga kwa muda wa saa nne kwa usiku mmoja, mara tatu kwa wiki, iko kwenye hatari kubwa kuliko mpenzi yeyote wa muziki aliye ukumbini, na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Mpiga drams asiyependa kuvaa monita avae walau vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti kwa usawa bila kuua simbali.

Kwa bendi ya dansi yenye bajeti ya kawaida, mpangilio unaofaa zaidi ni wa mchanganyiko: monita mbili au tatu nzuri za sakafuni kwa waimbaji na wapulizaji, masikio ya waya kwa mpiga drams na mpiga kinanda, na amplifaya zilizoinuliwa na kupunguzwa. Kikundi cha taarab kinunue maiki za kubana kwanza, kikae karibu, na kimpe mwimbaji monita moja. Kanisa dogo lenye kuta ngumu liende masikioni kwa wote wanaopiga ala, kwa waya, na liache monita moja ya sakafuni kwa kiongozi wa sifa. Kifaa cha redio kiwe cha mwisho kununuliwa, na kinunuliwe kwa ajili ya yule mmoja asiyetulia mahali pamoja.